Sanamu Iliyokataliwa kwa Adabu

Siku Bibi Tuba alipoapa kwa udongo wa kaburi la mumewe, chai ilikuwa hata haijakolea. Meya wa wakati ule alikuwa amekaa kwenye zulia, suruali ya suti imembana magotini. Pembeni yake alikaa Bwana Nosrat wa idara ya utamaduni, sanduku la vitamu limempakata yeye badala ya yeye kulipakata, kwa sababu hakuna aliyemwambia aliweke wapi. Walikuja kuomba ruhusa ya kumwekea mumewe, marehemu Usta (yaani fundi mkuu) Heidar Golkar, sanamu katika uwanja mkubwa wa Khoshabad.

"Sanamu?" Bibi Tuba akasema. "Wanangu, msijisumbue. Heidar alikuwa fundi wa udongo tu. Pandeni mti, watu wapate kivuli."

Hiyo ilikuwa hapana ya kwanza, na wote mle chumbani waliipokea kama inavyopokewa, yaani hakuna aliyeisikia. Sisi watu wa Khoshabad tukipewa kitu, tunakataa. Tukipewa tena, tunakataa kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu tunapokea huku tunanung'unika kwamba tumeonewa. Dereva wa teksi atakwambia nauli si kitu, nenda nayo baba, na ole wako uende nayo. Watani wetu wa mji wa Yazd husema hata mwizi akiingia nyumba ya Khoshabad hukaribishwa chai kwanza, naye hukataa.

Meya akaomba mara ya pili. Alisema mji mzima una deni kwa Usta Heidar, na hakuongopa. Wakati miji mingine ya jangwani ilipokuwa ikibomoa nyumba za udongo na kujijengea masanduku ya saruji ambamo mtu huiva kama mkate, Heidar ndiye aliyesimama kidete. Soko, shule ya wasichana, maktaba, zahanati, vyote alivijenga kwa tofali za udongo, na juu ya kila kimoja akasimamisha mnara wa kunasa upepo na kuushusha ndani. Akimaliza mnara, hakungoja kusifiwa. Aliweka tikiti maji kwenye beseni chini ya mnara asubuhi, akajilaza kando yake. Ikifika adhuhuri tikiti halijapoa, alipanda tena juu akabomoa alichojenga jana. Likipoa, alilikata akawagawia wapita njia. Nusu ya mji ilimpenda kwa ajili ya minara, nusu nyingine kwa ajili ya matikiti.

"Hapana, mwanangu," Bibi Tuba akasema. "Hamna haja."

Meya akatabasamu, akajiweka sawa kwa ajili ya mara ya tatu. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Ukweli ni kwamba Bibi Tuba aliitaka sanamu ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu alipomzika mumewe. Aliitaka mpaka birika likawa linagongagonga gilasi, na akaona Nosrat amelitazama lile birika. Aibu ikamshika. Mjane wa mtu mkubwa, kuonekana ana uroho wa sifa! Basi palepale alipotakiwa kulegeza, yeye akakaza.

"Nawaapia kwa udongo wa kaburi la Heidar," akasema, "sitaki. Msiweke."

Adabu zetu zina nafasi ya hapana tatu, hata nne kwa watu wa koo kongwe, lakini hazina nafasi ya kaburi. Ukishamtaja maiti, mtu muungwana hakusukumi tena. Meya alikuwa muungwana. Akainamisha kichwa, akasema, "Kivuli chako kisipungue, Bibi," akamaliza chai yake na kuondoka. Bibi Tuba alibaki amekaa, ameshika birika, anasubiri warudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ubaya ni kwamba kitako cha sanamu kilikuwa kimeshajengwa. Meya, kwa kuwa aliwajua watu wake, aliwatanguliza waashi kabla hata hajaenda kuomba ruhusa. Katikati ya uwanja kikasimama kitako cha mawe, kirefu kumzidi mtu, kizuri, kimechongwa pembe nane, na juu yake hakuna kitu.

Mji hauwezi kuvumilia mahali patupu. Kiangazi cha kwanza muuza vitunguu alipanga vitunguu vyake pale juu, akawa anashuka na kupanda ngazi kila akija mteja. Baadaye baraza likaweka saa kubwa, ikasimama baada ya wiki mbili, ikawachelewesha watu kazini na kuwawahisha wengine kwenye ndoa. Wakaiondoa. Wakaweka swala wa plastiki ngumu, lakini aliyemtengeneza nadhani alikuwa ameona mbuzi tu maishani mwake, na watoto wakampanda mpaka pembe ikang'oka. Naye akaondolewa. Nairuzi moja, sikukuu ya mwaka mpya, liliwekwa bakuli kubwa la samaki wa dhahabu wa bandia, jua likawayeyusha mikia.

Kila kilichowekwa kiliondoka, na kila kilipoondoka watu waliita mahali pale kwa jina lilelile, Kiti cha Usta. "Nishushe Kiti cha Usta." "Tukutane Kiti cha Usta, na usichelewe kama juzi." Hata watoto waliozaliwa baada ya Heidar kufa walisema hivyo, bila kujua Usta ni nani wala kwa nini hakai.

Kila Alhamisi Bibi Tuba alibeba tende zake kwenda makaburini, na njia fupi ilipita nyuma ya soko. Yeye alipita uwanjani. Alikizunguka kile kitako akijifanya anapumzika, akaangalia juu pale palipo patupu, kisha akaenda kumsomea mumewe Fatiha kwa hasira kidogo.

Na kila Nairuzi Bwana Nosrat alikuja kumtembelea. Mameya walipita, wa kwanza akastaafu na kuhamia kwa binti yake Shiraz, lakini Nosrat alibaki palepale kwenye idara yake ya utamaduni, mwembamba, mpole, nywele zinazidi kumhama. Alikuja na sanduku la vitamu, akakaa palepale, akanywa gilasi mbili za chai, akauliza habari za mguu wake na habari za wajukuu walioko Isfahan. Mwishoni, akiwa ameshainuka nusu, aliuliza kwa sauti ya kujikunja:

"Bibi, huna amri yoyote kwetu?"

"Amri yangu ni afya yenu, mwanangu."

"Hata jambo dogo? La zamani, labda?"

"Mimi nina nini cha zamani ila mimi mwenyewe?"

Nosrat alicheka, akavaa viatu mlangoni taratibu sana, kama mtu anayetafuta kiatu cha tatu, akaenda zake. Mlango ukifungwa Bibi Tuba aliupiga teke mto wa kuegemea.

Aliyekuwa akiyasikia mateke hayo ni Morvarid, jirani yake wa ukuta mmoja, Mzoroasta, mfuasi wa dini kongwe ya Waajemi, mwenye ulimi kama kisu cha kuchonga komamanga. Walikuwa marafiki tangu wote wawili wana meno yao ya asili. Alasiri walikaa uani kuchambua mboga, mmoja akimwomba Mungu kwa njia yake na mwingine kwa yake, na wote wakiwasengenya watu walewale.

"Ungemwambia," Morvarid alisema kila mwaka.

"Nimwambie nini? Njooni mnisifie mume wangu?"

"Ndiyo. Hayo hayo. Maneno mazuri kabisa, usiongeze hata moja."

"Nimeapa, Morvarid."

"Umeapa uongo. Kiapo cha uongo na sanamu isiyokuwepo, vyote viwili umevitundika juu ya jiwe moja, kisha kila Alhamisi unaenda kumnunia marehemu. Yeye kakosa nini?"

Bibi Tuba alijua marehemu hajakosa kitu.

Mwaka huu Morvarid alirudi kutoka foleni ya mkate kabla ya kuupata huo mkate wenyewe. Aliingia uani bila kubisha, shungi limeteremkia mabegani.

"Komamanga," akasema.

"Komamanga gani?"

"Kubwa kama basi. Meya mpya, yule kijana Rokni, analileta kutoka kiwandani. Linapasuka katikati, maji yanatoka, na ndani kuna taa nyekundu. Linapandishwa Kiti cha Usta, safari hii kwa saruji na nondo, halitoki. Na uwanja utaitwa Uwanja wa Komamanga. Kibao kimeshaandikwa, mke wa mwandishi wa vibao alikuwa mbele yangu kwenye foleni."

Bibi Tuba alikuwa ameshika kitita cha shamari. Akakiweka chini. Miaka yote ile alikuwa akililia lile pengo pale juu, na sasa ndipo alipoelewa kwamba hata pengo lilikuwa la Heidar. Kila mtu aliyeshuka kwenye teksi alimtaja. Likishaingia komamanga, hakuna atakayemtaja tena, na yeye Tuba akishakufa hatabaki hata mtu wa kukasirika.

"Watakuja kukuomba baraka," Morvarid akasema. "Nosrat hatakubali wasije. Ukiwaambia mji ni wenu, naapa nitavunja ukuta huu nihamie kwa mtu mwenye akili."

"Siwezi kuomba. Sijui kuomba. Mdomo wangu hauna njia hiyo."

"Mficha uchi hazai, shoga."

"Nina miaka themanini, Morvarid. Sina mpango wa kuzaa."

Morvarid alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamshika mwenzake mkono, na hakufanya hivyo mara nyingi. "Kiapo kina kafara katika dini yenu, si ndiyo? Kulisha maskini kumi. Basi pika. Mimi naleta maharage."

Walikuja siku ya pili yake. Mhandisi Rokni alikuwa kijana mwenye ndevu zilizokatwa vizuri na simu mbili. Alivua viatu, akakaa, akasifu zulia, akasifu mnara wa upepo uliokuwa ukipuliza baridi juu ya vichwa vyao, akasema kwamba hakika marehemu alikuwa na mikono ya dhahabu. Nosrat alikaa mahali pake na sanduku lake.

"Kwa hiyo, Bibi," Rokni akasema, "tukasema si adabu kupandisha kitu pale bila ruhusa yako. Ukituruhusu."

Bibi Tuba alikuwa amejifunza maneno yake usiku kucha. Alifungua mdomo, na mdomo, kama farasi anayeijua njia ya nyumbani, ukaenda wenyewe.

"Ruhusa ni yenu, mwanangu. Mji ni wenu. Komamanga ni neema."

Uani, mfuniko wa sufuria ulianguka kwa kishindo. Morvarid hakuangusha vitu kwa bahati mbaya.

"Mungu akuzidishie umri!" Rokni akasema, amefurahi, na akatazama simu moja. "Basi tusikuchoshe." Akainuka.

Nosrat naye akainuka nusu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayerudi kutoka mazikoni. Akauliza, kwa sababu alikuwa akiuliza kila mwaka, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko miaka yote:

"Bibi, huna amri yoyote kwetu?"

"Ninayo," Bibi Tuba akasema.

Nosrat akakaa chini kwa ghafla, sanduku likapondeka.

"Namtaka Heidar pale juu." Sauti ilimtoka kavu, bila mapambo, na yeye mwenyewe aliishangaa. "Nilimtaka tangu siku ile ya kwanza. Mlivyoniomba, nilitaka kulia kwa furaha, nikaona aibu, nikaapa. Niliapa uongo kwa kaburi la mume wangu. Kafara inachemka uani, harufu mnaisikia. Sitaki komamanga. Namtaka mume wangu."

Rokni alibaki amesimama, mdomo wazi. Maishani mwake hakuna mtu wa Khoshabad aliyewahi kumwambia anataka nini.

"Lakini Bibi," akasema, "kama ulitaka, kwa nini ulikataa?"

"Wewe mkeo alikukubali mara ya ngapi?"

"Ya... ya tatu, Bibi."

"Mimi Heidar alinichumbia, nikamkataa mara tatu za ada. Mara ya nne nikaona watu wanatazama, nikaapa kwa roho ya babu yangu kwamba siolewi na mwanamume mwenye udongo kwenye kucha. Baba yake akatoka analia. Mji mzima ukajua yamekwisha. Kesho yake alfajiri nafungua mlango, Heidar huyo, kucha zimejaa udongo, anatafuna mkate. Akaniambia, 'Tuba, ile hapana nimeisikia, lakini haikuwa ya kwako.'" Alifuta macho kwa pembe ya shungi wala hakuficha. "Tangu siku hiyo mpaka anakufa, nilisema hapana nyingi, na kila moja aliijua ni ya aina gani. Sasa huyo aliyekuwa anazijua nimemzika. Nyinyi mtazijuaje? Lazima niseme."

Nosrat alikuwa analia waziwazi, mikono juu ya sanduku lililopondeka.

"Bibi," akasema, "ipo."

"Nini ipo?"

"Sanamu. Ipo tangu mwaka ule. Meya alishamlipa mchongaji kabla hatujaja kwako. Iko kwenye ghala la manispaa, nyuma ya yule swala. Naifuta vumbi kila mwezi mimi mwenyewe. Na kila Nairuzi nilikuja kukuuliza."

"Ulikuja kuniuliza mguu!"

"Nilikuuliza amri, Bibi. Kila mwaka. Nilikuuliza mpaka la zamani."

"Ungesema sanamu!"

"Umeapa kwa kaburi la Usta! Mimi ni nani niitaje kwanza? Nilingoja unifungue mdomo."

Walitazamana, bibi kizee na mzee wa ofisi, kila mmoja akihesabu ni Nairuzi ngapi wamekaa kwenye zulia lilelile wakingojeana. Kutoka uani ikaja sauti ya Morvarid, haina hata chembe ya adabu.

"Mabwege wawili! Njooni mle, maharage yameiva!"

Wakala. Walikuja maskini kumi, na majirani ambao hawakuwa maskini ila kwa siku hiyo, na Rokni alikula bakuli mbili, akanyimwa ya tatu alipoikataa kwa adabu, maana Morvarid alichukua bakuli akaondoka nalo. Alipokuwa anavaa viatu akauliza kwa unyonge, "Na komamanga langu, Bibi?" Bibi Tuba akamwambia aliweke njia panda ya kuingilia mjini, wageni wajue wamefika. Liko huko mpaka leo, na usiku linawaka jekundu, na sisi tunaliheshimu kwa mbali.

Sanamu ilipandishwa Alhamisi. Uwanja ulijaa mpaka juu ya mapaa ya soko. Waashi wazee, wanafunzi wa Heidar wote, walikuja na mashati yaliyopigwa pasi, wakabishana kwa sauti kama kitako kiko sawasawa. Sanamu ilifunikwa kitambaa cheupe chenye kamba, na kamba ikaning'inia mpaka mkono wa mtu unapofika. Bendi ya shule ilikaa tayari. Wapiga picha walikaa tayari.

Rokni akahutubia, kwa bahati nzuri kwa kifupi. Kisha akaishika kamba, akamgeukia mjane mbele ya watu wote, akamnyooshea.

"Tafadhali, Bibi Tuba. Wewe kwanza."

Wapiga picha wakashusha kamera zao. Bendi ikaweka tarumbeta magotini. Mtu akafungua mfuko wa mbegu za kutafuna. Kila mtu alijua kinachofuata: hapana, wewe mheshimiwa, la hasha, haiwezekani, basi mzee Nosrat, Mungu apishe mbali, na robo saa nzima ipite bila mtu kuwa na haraka. Rokni mwenyewe alikuwa amefumbata maneno ya kuombea mara ya pili.

Bibi Tuba akaichukua kamba na kuivuta.

Kitambaa kikamwangukia meya. Bendi ikaanza kila mmoja na wimbo wake. Hakuna picha ya wakati ule. Iliyopo inamwonyesha Rokni akihangaika ndani ya shuka, na watu wamegeuza nyuso juu. Pale juu Usta Heidar amechuchumaa, mikono ya shati imekunjwa, kiganja juu ya macho, anatafuta upepo unatokea upande gani. Pua mchongaji aliikosea. Kucha hakuzikosea.

Waashi wazee ndio walioanza kulia, kisha wengine. Bibi Tuba hakulia. Alisogea mpaka chini ya kitako, akaweka kiganja kwenye jiwe, akamwangalia mumewe kwa muda mrefu, na Nosrat, aliyekuwa karibu naye akimshikia mkoba, alimsikia akisema:

"Mara ya kwanza tu, Heidar. Umeona? Nimekubali mara ya kwanza tu."